Kiranja wa Jandoni na Kiranja wa Bwenini

Yule kijana alikaa juu ya tranka lake karibu na geti tangu saa tano asubuhi. Nilimwona mara ya kwanza nikielekea darasani, mara ya pili nikitoka kula, mara ya tatu jua limeshaanza kuzama na ukungu unashuka, naye yupo pale pale, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani, ndoo ya plastiki kaipakata. Mara zote tatu nilimwambia, "Subiri kidogo, utapokewa." Ilikuwa Januari 1999, wiki ya kuripoti, kidato cha kwanza wanamiminika kutoka kila mkoa, na nilikuwa na hakika yupo mtu ambaye kazi yake ni kupokea. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekabidhiwa ulezi wa bweni miezi minne kabla, na kichwani mwangu ulezi ulikuwa ni kuhesabu vitanda, kukagua usafi na kufunga mlango saa nne usiku.

Usiku wa nne akatoroka. Tulipofika stendi alfajiri, wapiga debe wakatuambia ameshapanda basi la kwanza. Wiki mbili baadaye mjomba wake akaja kuchukua vitu. Nilimkaribisha ofisini, nikamwagizia chai, nikaanza kumweleza habari za utoro na kanuni za shule na barua ya onyo tuliyokuwa tumeshaiandika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kofia magotini. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto hajasema kwamba alipigwa. Amesema siku zote nne hakuna mtu aliyemwita jina lake."

Tulikwenda stoo pamoja kulitoa tranka. Lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kama za kwenye lori, majina yake yote matatu. Nilikuwa nimepita mbele ya maandishi yale mara tatu kwa siku moja.

Nilibaki katika shule hiyo, ya serikali, wavulana watupu, huko Nyanda za Juu Kusini, mpaka nilipostaafu mwaka 2022. Mambo mengi ninayoyaeleza hapa niliyajua kwa kuchelewa, na mengine nilifundishwa na watu ambao hawakuwa walimu.

Niseme kwanza nilikotoka. Mimi mwenyewe niliingia kidato cha kwanza mwaka 1978, mtoto wa Lindi niliyekuwa sijawahi kuvaa sweta. Aliyesoma bweni anajua maana ya kuwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza. Nilipewa njiti ya kiberiti nipime urefu wa bweni, nikapima, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji huku wakubwa wakinishangilia. Niliambiwa nizime balbu kwa kupuliza. Nyama yangu ya Jumamosi ilikuwa na mwenyewe wa kidato cha nne, sikuwahi kuionja muhula mzima. Na baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipoadimika madukani, mche wa sabuni ulikuwa mali kuliko fedha. Wangu ulichukuliwa mchana kweupe, na aliyeuchukua akanipa nguo zake nikazifue, kwa sabuni nitakayojua mwenyewe nitaitoa wapi.

Nilipofika kidato cha tatu nilimpata njuka wangu, nikamfanyia yote hayo. Sikusahau hata moja.

Walimu wengi wa rika langu wanasema mambo yale yaliwakomaza, na mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa na hoja nzuri: si hata jandoni tuliteswa? Mwaka 1973 niliingia kumbini na wenzangu, tukaimbishwa usiku kucha kwenye baridi, tukachapwa, tukanyimwa maji tuyatakapo, tukatoka watu wazima. Hoja hii niliitoa hata kwenye vikao vya walimu. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nalinganisha vitu viwili visivyolingana. Kumbini kila mmoja wetu alikuwa na kungwi wake. Kungwi wangu alijua nimekula au sijala. Kidonda changu kilipochelewa kupona, wazee hawakunilaumu mimi, walimwita yeye wakamuuliza anafanya kazi gani. Ukali wa jando ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anajibu. Ukali wa bweni haukuwa wa mtu. Kijana akivunjika meno usiku, asubuhi bweni zima halijui, mwalimu wa zamu hajui, mlezi hajui, na mambo yanaishia hapo.

Fimbo nayo nilikuwa naitumia, tena bila haya. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zilipotoka, zikisema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe, mkuu wetu aliniidhinisha mimi pamoja na mwalimu wa nidhamu. Mimi ni mtu wa mwandiko na mpangilio. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kosa, idadi, sahihi. Pengine ningekuwa mvivu wa kuandika nisingejifunza chochote.

Mwisho wa mwaka 2003 nikaketi kujumlisha kwa ajili ya taarifa. Bweni lilikuwa na wavulana 64. Nikategemea kuwaona wengi. Nikaona kurasa zimejaa majina kumi na moja tu, yanazunguka kama abiria wa basi moja la kijijini. Jina moja lilijitokeza mara 17, na kosa lilikuwa lile lile: kuchelewa paredi. Mara 17 nimemwita kijana yule, nimemchapa kwa kosa lile lile, nimetia sahihi yangu safi, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja kabla ya saa moja asubuhi anakuwa wapi.

Aliyeniambia ni mpishi. Wanafunzi walimwita Babu Jiko, nami nitamwita hivyo. Alikuwa hajui kusoma vizuri lakini alikuwa anawajua wavulana wa shule ile kuliko daftari lolote la ofisini, na siri yake ilikuwa ukoko. Ugali ukishapakuliwa, wavulana walimfuata jikoni kugombea ukoko wa sufuria kubwa, na yeye hakumpa mtu ukoko bila kumuuliza habari za kwao. Baba hajambo? Yule dada yako aliyekuwa anaumwa? Mvulana anayetafuna ukoko wa moto huongea. Ndivyo Babu Jiko alivyojua mambo ambayo sisi wenye stashahada na digrii tulikuwa tukiyatafuta kwa fomu za ushauri nasaha.

Nilimtajia jina la yule mtoro wa paredi kama mzaha, nikitaka acheke. Hakucheka. Akanipeleka nyuma ya rundo la kuni, akanionesha kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. "Mwalimu, hapa ndipo anapoanika shuka lake," akasema. Kijana alikuwa kikojozi. Miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Kila alfajiri aliamka kabla ya kengele, akateremka mtoni gizani kufua, akarudi kuanika shuka nyuma ya moto wa jikoni ili likauke kabla ya usiku. Siku zenye mvua au kuni mbichi alichelewa. Siku hizo ndizo zilizokuwa kwenye daftari langu.

Sikumwita ofisini. Hilo angalau nililijua. Nilimhamishia kitanda cha chini karibu na mlango kwa kisingizio cha ukarabati, nikamtafutia karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya shuka, na likizo ilipofika nikamwombea kwa daktari wa wilaya. Nikamfuta katika orodha ya kuchapwa. Wiki ya kwanza baada ya hapo alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayengoja kofi lililochelewa. Sidhani kama aliwahi kujua kwamba najua. Fimbo niliiweka juu ya kabati mwaka uliofuata. Sikutangaza, na sikuwa na ujasiri wa kuwahubiria wenzangu.

Tangu hapo, kila Alhamisi jioni nilikwenda kukaa jikoni. Mwanzoni wavulana waliponiona walirudi nyuma, ukoko ukabaki wote kwenye sufuria. Babu Jiko akanipa mwiko, akasema, "Ukikaa tu watakuogopa, Mwalimu. Kwangua." Nikakwangua. Kuna jambo nililiona pale ambalo baadaye niliona tena shambani, maana shule yetu ilikuwa bado na ekari za mahindi na maharage, urithi wa sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mvulana ukimkalisha kwenye kiti mtazamane, atameza ulimi. Utapata "ndiyo Mwalimu" na "hapana Mwalimu" mpaka kengele ilie. Mpe jembe, shika lako, limeni matuta yanayofuatana, wala usimtazame. Ukifika katikati ya tuta ataanza mwenyewe.

Basi mwaka 2004 nikaja na mpango wangu wa kupokea njuka. Niliomba majina kwa makamu mkuu kabla shule haijafunguliwa, nikaandika kila jina kwenye kipande cha manila na kukibandika kwenye kitanda, ili kijana akute mahali pake pameshaitwa kwa jina lake. Halafu nikampa kila njuka mwenyeji wa kidato cha tatu, wa kumwonesha bwalo, maktaba, zahanati, choo kisichoziba. Orodha niliipiga taipu nikaibandika mlangoni. Nilijiona nimemaliza.

Wiki haijaisha Babu Jiko akaniuliza kwa nini siku hizi njuka wanakuja jikoni na sahani mbili mbili. Nikaenda bwenini bila kubisha. Njuka mmoja alikuwa anapiga pasi shati, mwingine anakuna mgongo wa mtu, mwingine kasimama mlangoni analinda. Kila kaka alikuwa na wake, kwa jina, kwa orodha yenye sahihi ya mlezi. Zamani wakubwa waliwinda watumishi. Mimi nilikuwa nimewagawia.

Nililala na aibu hiyo siku kadhaa. Na katika kuchanganyikiwa kule ndipo neno likanijia, neno ambalo nimelitumia kila siku ya maisha yangu ya ualimu bila kulisikiliza. Kiranja. Vyeo vya mabwenini tulirithi katika shule za Waingereza, lakini neno hatukulirithi kwao. Neno ni la kumbini. Kiranja ni yule mvulana anayetangulia kwenye kisu. Wenzake bado wanatetemeka foleni, yeye ameshakaa mbele ya ngariba, na namna atakavyokaa ndivyo wote watakavyokaa. Anaitwa mkubwa kwa sababu maumivu yalianza naye.

Nikawaita viranja wa bweni, watu sita, nikawauliza neno hili limetoka wapi. Watano walitazamana. Wa sita, kijana wa Masasi, akainamisha kichwa akitabasamu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hilo ni la jandoni." Nikamwambia awaeleze wenzake. Alieleza vizuri kuliko mimi, na walicheka sana, vijana wanavyocheka kinapotajwa kisu. Walipotulia nikawapa sharti jipya. Wiki mbili za kwanza za kila mwaka, kiranja na wenyeji wa kidato cha tatu ndio watakaowachotea maji njuka, si kinyume. Bomba letu lilikuwa likitoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine ni mtoni, mlima kwenda na mlima kurudi. Na bwaloni kiranja atapakuliwa mwisho.

Kiranja mkuu wa bweni alivua beji akaiweka mezani. Alikuwa kijana mwenye akili nyingi na sare iliyonyooka, kipenzi cha walimu. "Mwalimu, nitadharaulika," akasema. Nikaipokea beji. Nilimhurumia, kwa sababu alikuwa anasema kweli: kwa jinsi tulivyokuwa tumemlea, angedharaulika.

Aliyebeba ndoo ya kwanza alikuwa golikipa wa shule, jitu la kidato cha tatu lenye mikono kama pasi za mkaa, ambaye mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemkuta akimning'iniza njuka kwenye dirisha. Sijui hata leo kwa nini alikubali. Huenda alitaka kuonesha nguvu. Alipandisha mlima na ndoo mbili, za njuka wawili, hajashusha hata mara moja, na watu wakatoka madarasani kumtazama. Kesho yake wengine watatu walikuwa mtoni. Hapo nikajifunza jambo jingine kuhusu wavulana: hotuba yangu juu ya utumishi haikumwamsha mtu, lakini mlima ule uligeuka mashindano, na wema ukapita kwenye mlango wa mashindano. Wenye msimamo mkali watasema huo si wema halisi. Njuka waliokuwa na maji ya kuoga hawakuuliza.

Nisiifanye hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Nilipokwenda masomoni mwaka 2007, utaratibu ulikufa kabla sijafika chuoni. Niliporudi nilikuta njuka wanafua. Ilibidi kuanza upya, na kila Januari ilibidi kuanza upya, kwa sababu kila Januari waliokuwa wamepokewa vizuri walikuwa wanaona imefika zamu yao ya kutuma wengine.

Kilichodumu ni kitu ambacho sikukibuni mimi.

Mwaka 2005, jioni, simu iliingia kwa mkuu: mama wa kijana mmoja wa bweni letu amefariki Kigoma. Desturi yetu ilikuwa fupi. Mwanafunzi anaitwa ofisini, anaambiwa, anapewa nauli na ruhusa ya siku saba, anasindikizwa mpaka getini. Akirudi anakuta majaribio ya wiki, na hakuna anayemtajia tena. Ila siku ile basi lilikuwa la alfajiri, kwa hiyo palikuwa na usiku mmoja wa kupita. Nilimrudisha bwenini, nikakaa naye kitandani kwake nikiwa sina la kusema. Kijana alikuwa hajalia. Alikuwa anakunja nguo, anakunjua, anakunja.

Golikipa ndiye aliyeanza, na safari hii sikuwa nimempa sharti lolote. Alishusha godoro lake akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha mfiwa, akakaa. Mwingine akashusha lake. Katika nusu saa sakafu nzima ilikuwa magodoro, wavulana wamekaa juu yake wamejifunga mablanketi kama wazee kwenye matanga. Kofia ya sufu ikapitishwa, shilingi mia, mia mbili, mmoja akatia sabuni mpya. Waislamu wakasoma, Wakristo wakaimba pambio kwa sauti ya chini, kisha wote wakanyamaza. Ndipo yule kijana akalia, kwa sauti, mbele ya wavulana 63, na hakuna aliyemcheka wala kumwambia mwanaume halii.

Mwalimu wa zamu akaja na tochi kuwauliza kwa nini hawapo prepo, kipindi cha kujisomea usiku. Nilimwambia, "Mwalimu, hapa pana msiba." Alisimama kidogo, akavua kofia, akatafuta godoro akakaa. Mimi niliandikiwa barua ya kujieleza kwa kuruhusu bweni zima kukosa prepo. Nilijibu kwa mstari mmoja, kwamba palikuwa na msiba. Mkuu akanijibu kwa mdomo, korido, bila kunitazama, "Nimekuelewa, Mwalimu, lakini mwenzangu utaniponza."

Baada ya hapo kila msiba ulikaliwa, hata nilipokuwa masomoni. Hili hawakuhitaji kufundishwa. Walikuwa wamekuja nalo kutoka kwao, kila kabila kwa namna yake, nasi tulikuwa tumewazuia tu kwa kengele.

Watu wengi wanaozungumzia shule za wavulana wanasema tatizo ni upweke. Nami nilianza hapo, kwa sababu ya yule wa kwenye tranka. Lakini mwaka 2012 ulinifundisha kwamba wavulana wakishakuwa kitu kimoja, kazi ndiyo kwanza inaanza. Usiku mmoja njuka alipigwa mikanda bwenini kwetu, kwenye bweni la magodoro sakafuni. Alishukiwa kuchoma utambi, yaani kuwasemea wenzake kwa walimu, kuhusu simu zilizofichwa darini. Asubuhi mgongo wake ulikuwa haushikiki. Nikauliza nani. Kimya. Nikawaweka mstarini kwa muda wa saa tatu. Kimya. Nikawapa adhabu ya bweni zima, kuchimba mtaro wa maji, na hilo lilikuwa kosa langu, maana walichimba wakiimba. Nilikuwa nimewapa adui wa pamoja. Walikuwa na umoja ambao ningeusifia kwenye mahafali, na ulikuwa umejengwa juu ya mgongo wa mtoto mmoja.

Siku ya kumi na moja, Alhamisi, jikoni, kijana wa kidato cha pili akaja kukwangua karibu yangu. Hakunitazama. Akasema, "Mwalimu, mimi sitataja mtu. Ila nilisikia, nikajifunika shuka." Akaendelea kukwangua. Nikamwambia, "Asante." Sikuwa na zaidi.

Usiku ule niliingia bwenini bila daftari, nikakaa sakafuni. Nikawaambia siulizi tena nani alipiga. Kila mtu aseme yeye alikuwa wapi. Nikaanza na mimi: nilikuwa nyumbani kwangu, hatua mia mbili kutoka hapa, nimelala, redio imewashwa. Kukawa kimya kirefu. Kisha yule wa kidato cha pili akasema alikuwa kitandani, alisikia. Aliyefuata akasema alikuwa kitandani, alihesabu mikanda mpaka kumi na mbili akaacha. Mwingine alikwenda chooni akakaa huko mpaka kukatulia. Ikawa inazunguka kitanda kwa kitanda, kila mmoja akijitaja mwenyewe tu, na kadiri ilivyozunguka niliona wengine wanaanza kujiinamia. Kiranja wa bweni ilipomfikia alishindwa kusema. Alikuwa ameshika tochi, akaendelea kuishika mkononi kama vile bado anamulika. Wawili waliofuata walisema wenyewe.

Walisimamishwa shule, siku ishirini na moja, na walirudi. Njuka hakurudi. Wazazi wake walimhamisha, na walikuwa na haki. Niliwaandikia barua ya kuomba radhi, na baba yake akanijibu kwa ujumbe mfupi wa simu, kwamba ameipata. Kiranja nilimnyang'anya beji lakini sikumtoa bwenini. Nilimpa kazi ya kukesha na wagonjwa zahanati ya shule muhula mzima. Wenzangu waliona nimemwonea huruma. Mimi sikujua, na bado sijui vizuri, kama ile ilikuwa huruma au ukali.

Habari nyingine nazipita. Mwezi wa Ramadhani Wakristo waliamka kuchochea kuni za uji wa daku, na hilo halikuwahi kuwa jambo la kujadili. Michezo ya UMISSETA, ile ya shule za sekondari, ilituletea vikombe na majeraha. Elimu bila ada ilipoingia mwaka 2016, tulipokea wengi kuliko vitanda, wakalala wawili wawili, na majina mawili yakaandikwa kwenye manila moja.

Babu Jiko alifariki mwaka 2018. Wavulana waliomba kuliteka bwalo kwa matanga, wakapewa.

Januari yangu ya mwisho, 2022, nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya mti karibu na geti, mzee anayehesabu miezi yake. Bodaboda ikashusha kijana mwembamba na tranka jipya, kubwa kuliko yeye. Alisimama akaangaza huku na huku. Nikawa natafuta fimbo yangu ya kutembelea ninyanyuke, nisije nikarudia ya mwaka 1999. Sikuwahi. Kijana wa kidato cha pili alikuwa anapita na ufagio wa chelewa, akausimika ukutani, akainama kusoma maandishi ya ubavuni, akamwita yule mgeni kwa jina la kwanza. Wakashika huku na huku. Walipoliinua, mwenyeji akaguna.

"Oya, umebeba mawe?"

"Ni sukari na madaftari, kaka."

"Sukari kilo ngapi?"

Nikawasikia wakibishana juu ya sukari mpaka walipopinda kona ya bwalo.